Wapenzi wa Tanga hawaendi Sauzi ndani ya kontena: jibu kwa mwandishi wa filamu

Swali: Shikamoo mwalimu. Ninaandika filamu ya dakika 80. Zuhura ana miaka 20, Idi ana 23, wote wa Ngamiani, Tanga. Wazazi wa Zuhura wanataka kumwoza kwa mtu mwingine, basi wanatoroka kwenda Afrika Kusini wakiwa wamefichwa ndani ya kontena, na wakifika Durban wanazamia meli ya Ulaya. Nina shilingi milioni 15 tu. Wote niliowapa skripti wanasema haiaminiki, lakini hakuna anayenionyesha panapovuja. Kosa liko wapi? Na tukio la kontena nalipigaje picha?

Jibu: Marahaba binti. Panavuja mahali pamoja, na matundu mengine yote yametokana na hapo: umewapa Zuhura na Idi safari ya watu wengine.

Mtanzania mwenye pasipoti hana haja ya kuingia Afrika Kusini ndani ya kontena. Zambia anaingia bila viza, Zimbabwe vilevile, na Afrika Kusini inaweza kumpa hadi siku 90. Anapanda basi, anashuka mpakani Tunduma na Nakonde ya Zambia kugonga muhuri, anaendelea Lusaka, Chirundu mpakani mwa Zimbabwe, Harare hadi Beitbridge mpakani mwa Afrika Kusini. Ni safari ndefu ya kuvimbisha miguu, lakini inafanyika mchana kweupe. Wanaofungiwa kwenye malori na makontena ni hasa vijana wa Ethiopia, wengi wao kutoka Hadiya na Kambata upande wa kusini, kuzunguka mji wa Hosaena. Kuanzia mpaka wetu kwenda chini wanahitaji viza ambazo kijana wa kijijini hapewi. Watu wa Tanga wanalijua hilo vizuri, kwa sababu mkoa wenu uko kwenye njia yao. Wanapitishwa njia za panya za Horohoro, au wanashushwa na vyombo vya baharini kutoka pwani ya Kenya, na habari za kukamatwa kwao Mkinga, Muheza au Pangani si ngeni. Mtazamaji wa Ngamiani akimwona Zuhura kwenye kontena atajiuliza kwa nini hakupanda basi, na akishajiuliza hivyo umempoteza.

Usiitupe skripti. Jiulize wewe swali hilohilo, kisha ulijibu kwa uaminifu: kwa nini Zuhura hakupanda basi?

Pasipoti ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Idi akiendesha bodaboda anaipata hela hiyo. Kikwazo ni viambatanisho. Mwombaji anatakiwa cheti chake cha kuzaliwa na cheti cha kuzaliwa cha mzazi, au kiapo mahali pa cheti hicho. Zuhura anawatoroka wazazi hao hao. Cheti cha mama kimo kwenye kabati la mzee, ufunguo anao mzee, na kwenda kuapa kunahitaji ndugu atakayekubali kuingia matatani. Kwa hiyo Idi anapata pasipoti, Zuhura hapati. Hapo ndipo filamu yako inapoanza: wapenzi wawili, karatasi zao hazilingani. Kila mpaka utawauliza upya kama wanaendelea kuwa wawili, na hutahitaji kumleta jambazi hata mmoja ili kuleta hofu.

Chukua Tunduma. Tunduma na Nakonde zimeshikana kiasi kwamba mpita njia anaweza kuvuka bila kujua amevuka. Zuhura asiye na pasipoti anapitishwa vichochoroni na kijana wa bodaboda kwa malipo. Idi ana uamuzi wa kufanya. Akipita ofisini na kugongewa muhuri, anamwacha mpenzi wake peke yake na mtu wasiyemjua. Akimsindikiza vichochoroni, pasipoti yake inabaki bila muhuri wa kuingia Zambia, na huko mbele Chirundu ataulizwa aliingiaje. Kurudi nyuma kuurekebisha ni kujipeleka mwenyewe. Tukio hili linachukua dakika nne, watu watatu, pikipiki moja na dirisha la ofisi. Liweke mwisho wa theluthi ya kwanza, na acha Idi apite ofisini. Mtazamaji atamwelewa, Zuhura naye atamwelewa, lakini hatasahau.

Beitbridge ni pazito zaidi. Asiye na karatasi anavuka Mto Limpopo. Kiangazi maji hupungua na mchanga unaonekana, kati ya Desemba na Machi mto huweza kujaa, na mamba wapo. Kwenye vichaka vya pande zote mbili kuna magenge yanayoitwa magumaguma, yanayopora wavukaji na kubaka wanawake. Hili usilikwepe, na usilionyeshe. Zuhura anaingia kichakani pamoja na kundi. Idi anasubiri Musina, upande wa pili, kwenye kituo cha mafuta, simu mkononi. Kamera ibaki kwa Idi. Zuhura akitokea, mpe kitu kimoja kilichobadilika, kwa mfano kanga iliyofungwa tofauti na alivyoifunga asubuhi, na asiseme lolote. Waandishi wengi hukosea hapa kwa kumfanya mwanamke aeleze yote usiku huohuo ili mwanamume apate nafasi ya kulia. Muda wa Zuhura kusema ni wake, na huenda usifike ndani ya filamu yako.

Johannesburg, uharamu unabadilika sura. Idi ana muhuri, lakini zile siku 90 ni kikomo cha juu. Afisa anaweza kuuliza tiketi ya kurudi na fedha za kujikimu, akaandika siku chache. Mwandikie siku 14. Siku ya 15 naye anakuwa hana kibali, na sasa wamelingana. Sheria ya huko ina jambo ambalo ni zawadi kwa mwandishi: adhabu humwangukia mtu anapotoka. Aliyezidisha siku zisizofika 30 anaweza kuzuiwa kurudi kwa miezi 12, na aliyezidisha zaidi ya 30 huzuiwa kwa miaka 5. Maana yake Idi anaishi kwa uhuru wa kubahatisha mjini, lakini akitaka kwenda kumzika mama yake Tanga, mlango unafungwa nyuma yake kwa miaka 5 na Zuhura akiwa ndani. Mfanye mama awe mgonjwa tangu ukurasa wa 10.

Kisha kuna kujilipua. Vijana wakisema fulani amejilipua, wanamaanisha ameomba hifadhi kwa jina au uraia usio wake, kwa kawaida wa nchi yenye vita. Filamu nyingi hulichukulia kama ujanja wa kuchekesha, na zinapoteza jambo kubwa. Karatasi ya mwombaji hifadhi huhuishwa kila baada ya miezi kadhaa, na fomu ya kwanza inauliza hali ya ndoa na wategemezi. Idi akiandika hana mke, akidhani anarahisisha mambo, mwaka mmoja baadaye hawezi kumwingiza Zuhura kama mke wake, kwa sababu jina alilolibeba halijawahi kuwa na mke. Wanaishi chumba kimoja na kisheria hawajuani. Nakuomba tukio la kujaza fomu ulipe nafasi kubwa kuliko tukio lolote la kukimbizana na polisi. Mkalimani anauliza, kalamu inasimama kwenye mstari wa ndoa, Zuhura yuko nje kwenye foleni ya wanawake.

Kuhusu meli, ifute. Hadithi za kuzamia zinazosimuliwa vijiweni Tanga na Dar zina ukweli ndani yake, lakini nyingi ni za zamani. Tangu Julai 2004 bandari za kimataifa zinafuata kanuni za usalama zilizobana sana uingiaji wa watu, kabla meli haijang'oa nanga hupekuliwa, na wanaojaribu ni wanaume karibu wote. Kutoka Durban hadi Rotterdam ni siku 20 hivi, na aliyejificha mara nyingi hajui meli inaelekea Ulaya au Brazili. Ngama, yaani matumbo ya mzigo, za meli ya nafaka hufukizwa kwa gesi ya fosfini, na wazamiaji wamekufa humo. Akionekana, nahodha anatakiwa amlishe na amtunze mpaka ipatikane nchi ya kumpokea, na bandari hukataa, ndiyo maana wengine hukaa melini wiki nyingi kisha hurudishwa walikotoka. Hiyo ni filamu nyingine, yenye bajeti nyingine. Kama unaipenda sana bahari, mwache Idi aende kutazama meli Durban mara moja na arudi.

Sasa fedha, maana hapa ndipo skripti yako ilipo tupu kabisa. Wapenzi wako wanasafiri nchi nne na sikuona mahali walipohesabu hela. Chukua daftari, upige mistari mitano: tukio, fedha iliyopo mwanzoni, iliyotoka, aliyeitoa, na nani hajui. Jaza kila tukio kabla ya kuandika mazungumzo. Nauli waulize mawakala wa mabasi wiki hii hii, usikisie. Ukifika tukio la kumi utaona mapenzi yameanza kuonekana yenyewe: Zuhura alificha 80,000 kwenye pindo la gauni na hakumwambia Idi, Idi alikopa kwa rafiki yake na akasema alilipwa. Mstari wa tano, wa nani hajui, ndio utakaokupa ugomvi wa kweli. Bila huo utaishia kuandika ugomvi wa wivu, na tumeutazama wa kutosha.

Sasa hiyo fedha ya kuanzia imetoka wapi? Hapa ndipo kontena lako linaporudi.

Idi ni bodaboda wa Tanga. Kutoka mjini hadi Horohoro ni kilomita 65 hivi. Mwache apate kazi ya usiku: kuwachukua vijana wa Ethiopia wawili wawili kutoka porini Mkinga na kuwapeleka kwenye nyumba iliyofungwa madirisha, akilipwa kwa kichwa. Hawajui Kiswahili, yeye hajui Kiamhari wala Kihadiya. Safari sita tu na nauli ya wapenzi imetimia. Usiku wa mwisho anaambiwa asaidie kuwapandisha kwenye kontena na kufunga kitasa. Wapenzi wanapanda basi asubuhi kwa fedha hiyo. Zuhura anaamini ni mchezo wa upatu. Habari za kontena lile zinawakuta Lusaka, kwenye televisheni ya stendi.

Usidhani nimezidisha chumvi. Juni 2012, zaidi ya maiti 40 za Waethiopia zilikutwa mkoani Dodoma baada ya watu kukosa hewa ndani ya lori. Machi 2020, huko Tete, Msumbiji, kontena lilifunguliwa likiwa na maiti 64 na watu 14 walio hai. Oktoba 2022 kaburi la pamoja la watu wanaoaminika kuwa Waethiopia lilifukuliwa Mzimba, Malawi, na Desemba mwaka huohuo miili 27 ilikutwa imetupwa pembezoni mwa Lusaka. Waliowapakia watu hao walikuwa na majina, na huenda baadhi yao walikuwa vijana waliohitaji nauli. Kwetu mahakama zimewahi kumhukumu msafirishaji wa wahamiaji miaka 20 jela au faini ya shilingi milioni 20, na chombo chake kutaifishwa. Kwa hiyo Idi akikamatwa haponi kwa onyo.

Lipige picha tukio hili ukiwa nje ya kontena. Ni sahihi kwa hadithi, kwa sababu Idi yuko nje, na bajeti yako inalimudu. Lakini ili sauti za ndani ziwe za kweli lazima ujue kinachotokea ndani.

Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12, upana wa mita 2.35, na ujazo wa mita za ujazo 67 hivi. Weka watu 60 humo. Kila mmoja anapata chini ya nusu mita ya mraba ya sakafu, na joto la miili pekee ni kama wati 6,000. Mtu aliyetulia hutoa lita 15 hadi 20 za hewa ukaa kwa saa, aliyeshikwa na hofu hutoa zaidi. Kama mlango umeziba sawasawa, hewa ukaa inapanda kwa asilimia 1.7 hivi kila saa. Saa ya kwanza kichwa kinaanza kugonga na pumzi zinakuwa fupi. Ikifika saa ya tatu ni asilimia 5: watu wanahema kwa nguvu, wanalowa jasho, wanatapika, wanagombana. Kati ya saa ya tano na ya sita wanachanganyikiwa na kuzimia, na vifo vinaanza. Hesabu hii hubadilika kwa matundu ya kutu, kwa mzigo uliomo na kwa hofu, lakini mpangilio wa dalili ni huo.

Waigizaji hukosea sana hapo. Hushika koo, hukohoa mara mbili, wakasinzia. Hewa ukaa haimsinzishi mtu taratibu. Inaulazimisha mwili uheme mpaka mbavu ziume. Kwa hiyo kwa anayesikia kutoka nje mpangilio ni huu: kwanza kugonga kwa mpigo, wengi pamoja, na sauti za kuita. Baadaye kugonga kunakuwa kwa mmoja mmoja. Kisha kukwaruza. Kisha injini ya lori peke yake. Gawa hatua hizo nne kwenye filamu nzima. Idi aisikie ya kwanza tu usiku wa Tanga, na zile tatu mtazamaji azisikie chini ya matukio ya mapenzi ndani ya basi, bila kuonyeshwa kontena tena.

Rekodi sauti hizo kwenye kontena halisi lililo wazi mlango mmoja, watu wanane wakigonga kwa viganja, si kwa ngumi. Ngumi hutoa mlio mkali unaofanana na nyundo. Maikrofoni moja iwe nje mita 3, nyingine ibanwe kwenye bati kwa utepe wa gundi. Fanya alfajiri. Kontena likikaa juani Tanga hadi saa saba mchana, bati lake haligusiki.

Ukishikilia kuwa na picha moja ya ndani, jenga: fremu ya mbao, mabati ya migongo mipana yaliyopakwa rangi ya kutu, urefu wa mita 4 tu unatosha, upande mmoja ukiwa wazi kwa kamera. Lenzi ya milimita 24 au 28. Mwanga utoke kwenye tochi ya simu ya mwigizaji, usaidiwe na taa ndogo ya LED iliyofunikwa kitambaa cheupe juu ya kichwa cha mpiga picha. Usimfungie mtu yeyote ndani ya kontena halisi, hata kwa dakika moja, hata akijitolea. Vitasa vyake hufungwa kwa nje, na kikikwama anayefungua ni fundi wa kukata chuma.

Waethiopia usiwachezeshe Watanzania wanaobwabwaja maneno yasiyo lugha. Tafuta hata wazungumzaji wawili wa Kiamhari, uwape mistari michache iliyoandikwa vizuri, wengine wakae kimya. Na usiende kuwatafuta wahamiaji walio mahabusu au waliotoka gerezani uwape senti wasimulie mbele ya kamera. Sura zao zinaweza kuwarudishia madeni na madalali wao.

Johannesburg utaipiga Tanga, ndani ya chumba, na utafanikiwa ukizingatia vitu vidogo. Soketi ya huko ina matundu matatu makubwa ya duara, ya kwetu ni ya mstatili. Bandika ya kwao ukutani. Chumba kigawanywe kwa ubao au pazia, upande wa pili kuna familia nyingine. Noti za randi zina picha ya Mandela tangu 2012. Namba za magari ya Gauteng huishia na herufi GP. Ikiwa ni Juni au Julai, ni baridi kweli, mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari: wavalishe sweta mbili na soksi kitandani, na jasho lisionekane. Hilo la jasho ndilo huwaumbua wanaopiga picha pwani, kwa hiyo chumba hicho kipigwe usiku, feni ikizimwa tu wakati wa kurekodi.

Basi usilikodi likiwa safarini. Likodi likiwa limeegeshwa stendi ya Kange usiku, watu wawili nje walitikise kwa gogo lililowekwa chini ya bampa, wa tatu apitishe taa kwenye madirisha kutoka mbele kwenda nyuma, kila sekunde tano au sita. Madirisha yapake vumbi ili nje pasionekane. Dakika 15 za filamu yako zinaweza kupatikana kwa usiku mmoja wa namna hiyo.

Kwa milioni 15 panga siku 12. Watu 14, waigizaji na mafundi, chakula na usafiri kwa shilingi 30,000 kila mmoja kwa siku ni 5,040,000. Tenga 1,500,000 usiziguse mpaka siku ya tisa. Kati ya zinazobaki, sauti iwe ya kwanza kulipwa, maana filamu hii inabebwa na mambo yanayosikika bila kuonekana. Punguza dakika ziwe 70.

Skripti ipeleke Bodi ya Filamu kuomba kibali kabla ya kuanza kupiga picha. Ukitaka droni, kuna kibali kingine cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Mpakani, bandarini na kwenye mizani usiende na kamera bila barua. Sare za polisi na uhamiaji nazo zinahitaji ruhusa ya chombo husika, na ruhusa huchelewa. Kwa matukio ya Tunduma na Beitbridge onyesha mkono wa afisa, kitabu cha wino na muhuri, sauti ikitoka nyuma ya kioo. Muhuri uchongeshe wenye jina la mpaka la kubuni, kwa sababu kuiga muhuri halali wa serikali ni kosa hata kama ni kwa filamu.